Paka Juu ya Mbolea

Kitu cha kwanza alichokiona ni paka.

Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo ukitoka nje alfajiri pumzi yako inakutangulia kama moshi. Paka wa stoo, yule wa rangi ya majivu asiye na mwenyewe, siku zote alilala amejikunja juu ya magunia matupu kibarazani. Asubuhi hiyo magunia yalikuwa matupu kweli kweli. Paka alikuwa juu ya rundo la mbolea ya kuku lililoshushwa jana jioni, amenyoosha miguu yote minne, tumbo wazi, kama tajiri kitandani mwake.

Msichana alisimama na ndoo mkononi akimtazama. Watu wa kikundi walimwita Kimya tangu siku ya kwanza alipofuatana na mama yake bustanini, akiwa ameacha shule darasa la nne. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina lilikuwa limemganda kama tope kwenye kisigino. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya rundo, akautoa haraka. Kulikuwa na moto mle ndani, kama wa sufuria iliyotoka kuepuliwa. Alinusa vidole, machozi yakamtoka. Katikati ya vidole kulibaki maranda ya mbao, bado meupe, na unyoya mmoja.

Mbolea iliyoiva haina joto. Haichomi pua. Inanuka kama udongo baada ya mvua, na maranda yake yamekuwa meusi, ukiyabana yanavunjika. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyaona mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, akiwa ameinama nyuma ya mama yake. Mbolea hii ilikuwa bado inajipika. Kuipa miche ni sawa na kumnywesha mtoto mchanga maji yanayochemka.

Alilijua hilo. Akafuta mkono kwenye nyasi, akanyamaza.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha watu thelathini na wawili wa mitaa mitatu. Walikiomba kiwanja kilichokuwa jalala nyuma ya zahanati, wakakizoa chupa na mabati kwa mikono yao, bila mshahara, mpaka kikawa bustani. Kila mtu alikuwa na fungu lake, na kila fungu lilikuwa na kigingi chenye namba. Mama yake Kimya alikuwa namba tisa. Jumamosi walifanya kazi ya pamoja, na kazi kubwa ya pamoja ilikuwa kitalu. Humo iliota miche ya nyanya na kabichi ya watu wote, ikagawanywa mvua zikikaribia. Mlezi wa kitalu, mwaka wa nne sasa, alikuwa mama huyo huyo. Aliamka kabla ya jogoo kwenda kuimwagilia, na hakuna aliyewahi kumshukuru, kwa kuwa miche ikistawi husemwa kwamba mwaka ulikuwa mzuri.

"Kila mtu ndoo tatu!" aliita Mwenyekiti Jumamosi hiyo, amesimama kando na mtandio wake mzito. Yeye hakubeba. Alifuga kuku mia nne nyumbani kwake, na mchango wake kwa kikundi ulikuwa mbolea, kwa hiyo jembe halikuwahi kumjua kiganja. Nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Mayai. Mbele yake walimwita mama, tena kwa kuinama.

Walibeba. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye ndoo, na watu wakaufurahia, maana baridi ilikuwa inauma.

"Jamani, leo Mwenyekiti ametuletea blanketi!" alisema muuza mkaa, mwanamke mnene asiyeishiwa na mzaha, ndoo ikiwa imembana kiunoni. "Hii mbolea inatupasha moto kuliko waume zetu!"

"Angalia usiivie huko huko," mmoja akamjibu, na kicheko kikazunguka bustani nzima.

Katibu, fundi cherehani mwenye futi ya kitambaa shingoni saa zote, alishusha ndoo yake akafuta miwani. Ilikuwa imeingia ukungu.

Mama yake Kimya ndiye peke yake aliyeuliza. Alikuwa amepiga magoti tutani, mikono ndani ya mbolea hadi kwenye vifundo.

"Mama, hii imelala muda gani?"

"Miezi mitatu," alisema Mwenyekiti.

"Naona kama ina joto kidogo."

"Wewe unanifundisha mimi mavi ya kuku? Nimeanza kufuga kabla hujaolewa." Watu wakacheka tena, safari hii kwa adabu. "Changanya. Jumatatu miche itoke masandukuni ihamie matutani. Hatuna mwaka mwingine wa kusubiri."

Mama akachanganya.

* * *

Alhamisi majani yalianza kukauka pembeni, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Ijumaa yalijikunja. Jumapili, kati ya miche elfu moja na mia mbili, haikubaki hata mmoja uliosimama. Matuta manne yalikuwa yamefunikwa na nyuzi za kahawia, na mama yake Kimya alikuwa anatembea katikati yake na kopo la kumwagilia, ananyunyizia maiti.

Watu walikuja mmoja mmoja, wakasimama kwenye kingo. Hasira yao haikuwa ya bure. Miche ile ilikuwa msimu mzima wa nyumba thelathini na mbili, na mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano. Mtu akiona chakula cha watoto wake kimelala chali, lazima atafute pa kuitua hasira, na huitua pale palipo karibu na pa chini.

"Ulikuwa unamwagilia au ulikuwa unalala?" aliuliza mmoja.

"Nilimwagilia kila asubuhi. Muulizeni mlinzi wa zahanati."

"Mlinzi naye ni shahidi? Yule analala kuliko mlango."

"Pengine alimwagilia jioni, maji yakaganda kwenye majani."

"Pengine alitumia maji ya sabuni," alisema mwingine. "Mumewe hana kazi sasa, nani ajuaye kama maji ya bomba la bustani hawayauzi huko kwao."

Mama aliinua uso. Kimya alikuwa nyuma yake, ameshika ndoo tupu kwa mikono miwili, na jibu alikuwa nalo. Ni maneno mawili tu: ilikuwa mbichi. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuyasema. Alipojaribu kuyavuta, aliona macho yote yale, akakumbuka darasa zima likimcheka siku aliposimamishwa kusoma, na ulimi ukawa jiwe.

Mwenyekiti alifika wa mwisho. Hakukanyaga tuta. Alilitazama kwa mbali, akavuta pumzi ndefu kama mtu wa msibani.

"Mimi sitaki kusema mengi," alisema, na hiyo ndiyo dalili ya mtu atakayesema mengi. "Mbolea nilileta, tena bure. Mbegu kikundi kilitoa. Nyinyi mlichimba. Kazi ya mtu mmoja tu ndiyo iliyobaki, na huyo mtu tunamjua. Kanuni yetu inasemaje, Katibu?"

Katibu alivuta futi yake shingoni. "Inasema... mlezi akiua kitalu kwa uzembe, anapoteza fungu."

"Na vilivyomo?"

"Vilivyomo ardhini vinakuwa vya kikundi."

"Basi. Jumamosi kwenye mkutano atang'oa kigingi chake mwenyewe, kama kanuni inavyotaka. Mimi sina ugomvi na mtu."

* * *

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kaukumbi ka kupikia. Baba alikuwa seremala. Miezi miwili nyuma mashine ya kupasulia mbao ilimla vidole viwili vya mkono wa kulia, na mwenye karakana akamwambia apumzike mpaka apone, bila kusema nani atapumzika naye. Tangu hapo fungu namba tisa ndilo lililolisha watu watatu. Mchicha walikula na mwingine wakauza mlangoni. Vitunguu, mistari sita, vilikuwa vinasubiriwa kama mtoto: ndivyo vingelipa kodi ya chumba. Shingo zake zilikuwa zimeanza kulegea. Wiki mbili tu, vikatwe maji, vikauke, ving'olewe.

"Nenda ukaombe msamaha," alisema baba. Alikuwa ameketi kitandani, mkono uliofungwa umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Msamaha wa nini?"

"Wa chochote. Wa kuzaliwa. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimebusu mikono mingi mpaka midomo imeota sugu." Mama alikuwa anachambua mchicha kwa nguvu, anakata na mashina mazuri. "Nimelea miche yao miaka minne. Hata nilipokuwa na homa nilikwenda. Leo mimi mzembe? Mimi nauza maji?"

"Sasa utafanyaje? Utapigana na Mama Mayai? Anawakopesha mayai nusu ya wale watu, hakuna atakayesimama na wewe. Vitunguu vile vikienda, mwenye nyumba hatatuuliza habari za kanuni."

"Kwani wewe unaamini niliua miche?"

Baba alichelewa kidogo kujibu. Ni kidogo tu, lakini mama alilisikia pengo hilo, akaacha kisu.

"Siamini," alisema baba. "Lakini kuamini kwangu hakuchemshi chungu."

Kimya alikuwa mlangoni anaosha vyombo. Kila kitu kilikuwa wazi: angegeuka, aseme, baba, mbolea ilikuwa mbichi, niliishika. Lakini baada ya kusema hayo lingekuja swali moja, na lilimtisha kuliko macho ya watu wote: kama ulijua, kwa nini ulimwacha mama yako aichanganye? Alisugua sufuria mpaka sifongo ikakatika.

* * *

Jumatano walikwenda kwa Mwenyekiti, mama na binti. Mama alivaa gauni lake la heshima na kubeba fungu kubwa la mchicha, alioukata alfajiri, majani yote mazima, umefungwa vizuri kwa uzi. Mtu haendi kuomba mikono mitupu.

Hawakukaribishwa ndani. Mwenyekiti alikuwa ameketi kibarazani na mteja, mwanamume wa duka aliyekuja kuchukua trei za mayai. Akawaonyesha kwa kidevu wasubiri uani, karibu na banda. Walisubiri wamesimama. Jua la baridi lilipanda, likawapita, likaenda kukaa kwa wenye viti.

"Wewe mama wa kitalu!" aliita mwishowe, bila kuinuka. "Maadamu umesimama tu, ufagio huo hapo. Nifagilie hapo mlangoni mwa banda, kuku wamemwaga chakula."

Mama alitazama ufagio. Kisha alimpa Kimya mchicha amshikie, akakunja gauni la heshima hadi magotini, akafagia.

Mteja alisifu banda. Alisema hajawahi kuona banda safi kama lile.

"Ah, ungelikuta mwanzo wa mwezi, usingekaa hapa!" Mwenyekiti alicheka. "Nilisikia bwana afya anapita nyumba kwa nyumba. Ijumaa hiyo hiyo nikakomba mavi yote, nikabadilisha maranda, Jumatatu akaja akakuta panang'aa."

"Na mavi yote yale ulitupa wapi? Mimi nawalipa watu kuyazoa."

"Mimi nina kikundi changu cha bustani," alisema Mwenyekiti. "Mkokoteni ulipeleka jioni ile ile. Tena walinishukuru."

Ufagio ulisimama. Kimya aliuona mgongo wa mama yake ukikaza ndani ya gauni, kama kamba inayovutwa na watu wawili. Ijumaa. Jumamosi wakabeba. Miezi mitatu ilikuwa usiku mmoja. Kisha ufagio ukaanza tena, polepole, shwa, shwa.

Mteja alipoondoka, mama alisogea kibarazani. "Mama, nimekuja kuomba," alisema. "Kama nimekosa, nisamehewe. Nyumbani hali unaijua. Niacheni angalau nivune vitunguu."

"Hilo si langu, ni la kikundi. Jumamosi tutaona." Mwenyekiti alitazama mchicha. "Na hiyo nini?"

Kimya aliunyoosha kwa mikono miwili.

"Ahsante." Aliupokea, akaukata uzi kwa meno, na pale pale alipoketi akaurusha wote juu ya wavu. Kuku walikuja kwa fujo, wakiparurana. "Wanapenda majani mabichi hawa. Kwaherini."

Njiani mama alisimama kwenye bomba la mtaa akanawa mikono, akanawa tena, mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Mama, umesikia alichosema?" aliuliza Kimya. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Nimesikia nini? Mimi nilikuwa nafagia."

"Amesema Ijumaa..."

"Nimekwambia nilikuwa nafagia!" Wanawake wa foleni waligeuka. Mama akashusha sauti, na ilipokuwa chini ndipo ilipotisha. "Sikiliza. Masikio ya maskini yana kazi moja, kusikia anapoitwa. Nikisimama niseme, wataniambia nina wivu, nina uchungu wa fungu. Nani atasema na mimi? Baba yako? Wewe?"

Hakusubiri jibu. Hakulitarajia. Na hilo, kwamba mama yake hakulitarajia jibu kutoka kwake, lilimwingia Kimya mahali ambapo kicheko cha darasa zima hakikuwahi kufika.

* * *

Jumamosi ilikuwa na mawingu, kama siku mbili zilizotangulia. Watu waliketi juu ya kreti zilizogeuzwa, mbele ya ubao wa msimu. Huo ulikuwa ubao mweusi uliotundikwa ukutani mwa stoo, na kila mwezi Katibu aliandika mashauri juu yake kwa mwandiko wake mzuri wa kupigia mistari vitambaa. Mkutano haukuanza kwa jambo lingine lolote mpaka mashauri yasomwe, kila mtu mstari wake, kwa zamu. Asiyejua kusoma alisema "pita." Mama yake Kimya alisema pita. Kimya naye, kwa miaka minane, alisema pita, na watu waliamini hajui. Alijua. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kwa macho tu, siku za katikati ya wiki ambapo hakukuwa na mtu. Ubao ule alikuwa ameshausoma mara kumi.

Mkutano huo alikuwepo mgeni mmoja, wifi yake Mwenyekiti. Alisimama nyuma kabisa na jembe jipya, mpini wake bado una karatasi ya dukani. Hakuna aliyeuliza amekuja kufanya nini. Kila mtu alijua fungu namba tisa lingepewa nani.

"Mwezi wa baridi," alisoma muuza mkaa, "tayarisheni vitalu, panapopata jua la asubuhi."

"Wa pili tunaujua huo, twende mbele," alisema Mwenyekiti.

"Mwagilia asubuhi, si jioni," alisoma aliyefuata, "majani yasilale na maji."

"Usipande nyanya palipokuwa na nyanya wala bilinganya."

"Vitunguu vikilegea shingo, punguza maji."

Katika huo wa vitunguu, watu kadhaa walitazama chini.

"Haya," alisema Mwenyekiti, akasimama. "Shauri letu la leo ni fupi. Mlezi wa kitalu, kanuni unaijua. Tusitoleane maneno. Nenda kang'oe kigingi, uturudishie hapa, yaishe."

Mama aliinuka. Alitembea peke yake hadi fungu namba tisa, na watu wakageuza kreti zao wamwone, kama watu wanaotazama mchezo. Mistari sita ya vitunguu ilikuwa imelala upande mmoja, mizuri, mabega yametoka nje ya udongo. Alipiga magoti. Alikishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa. Kilikuwa kimeingia sana. Alikipigilia mwenyewe, miaka minane iliyopita, kwa jiwe.

"Vuta, mama, tuna kazi," alisema mtu, na wachache wakacheka.

"Mmeruka mstari."

Mwanzoni hawakujua sauti imetoka wapi. Walitazamana. Kimya alikuwa amesimama karibu na ubao, mikono imeshika gauni pande mbili.

"Nani kasema?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mmeruka mstari wa pili."

"Huyu leo ana mdomo!" alisema muuza mkaa, na kicheko kikaanza, lakini kilikuwa kicheko chenye mashaka, hakikufika mbali.

"Wewe si hujui kusoma?" Mwenyekiti alitabasamu. "Kaa chini, binti yangu. Haya ni ya wakubwa."

"Katibu," alisema Kimya, hakumtazama Mwenyekiti kwa sababu angemtazama asingeendelea, "usome. Uliuandika wewe."

Fundi cherehani alivua miwani, akaivaa. Kisha alisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya deni lake mwenyewe: "Mbolea ya kuku ilale wiki nane ndipo iguse mche. Mbichi huunguza."

Watu wakageuka kumtazama Mwenyekiti.

"Na yangu ililala miezi mitatu," alisema Mwenyekiti. "Nilisema hapa hapa."

"Nusu ya rundo bado ipo," alisema Kimya. Alinyoosha kidole. Pembeni mwa stoo, juu ya kilichobaki cha rundo, paka wa rangi ya majivu alikuwa amelala chali. "Weka mkono."

"Nani, mimi? Mimi niweke mkono kwenye mavi?"

"Mama yangu aliweka."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti hakusogea. Mwishowe ni Katibu aliyekwenda, akamsukuma paka kwa upole, akakunja mkono wa shati, akaingiza. Aliutoa upesi zaidi ya alivyouingiza, akaupuliza. Mvuke ukampanda usoni, na miwani yake, mbele ya watu wote, ikaingia ukungu.

"Ina moto," alisema, kwa sauti ya chini. "Mpaka leo."

"Jua limeipiga!" Mwenyekiti alisema. Watu wengine walitazama juu, kwenye mawingu ya siku tatu, wakashusha macho. "Na hata kama ina moto, mlezi hakuusikia? Mikono yake imekufa ganzi? Mbona yeye mlezi hakusema?"

"Nilisema." Ilikuwa sauti ya mama, kutoka chini, bado amepiga magoti. "Nilikuuliza, ukaniambia nichanganye. Na Jumatano nilikuwa nafagia banda lako, ukamsimulia mwenye duka ulivyolikomba Ijumaa ile kabla bwana afya hajapita. Nilisikia. Mwanangu naye alisikia."

Mwenyekiti alivuta mtandio wake. Kwa mara ya kwanza tangu kikundi kianzishwe, aliketi kabla ya mkutano kwisha.

Ndipo muuza mkaa, ambaye hakupenda ugomvi kama hakuuanzisha yeye, akapiga makofi mawili mepesi. "Basi jamani, basi. Kila mtu hukosea. Mama wa watu asing'oe kigingi, na Mwenyekiti naye tumsamehe, yaishe. Mtoto amesema, tumemsikia, akae sasa."

"Ndiyo, yaishe," walisema wawili watatu, kwa haraka, wakianza kuinuka na kujipangusa. "Yameshapita hayo." Walikuwa wanakimbia, na Kimya aliona wanachokikimbia. Wifi wa Mwenyekiti alikuwa tayari getini, jembe limefichwa nyuma ya gauni.

Kule namba tisa, mama alikuwa ameokota jiwe. Akaanza kukipigilia kigingi, taratibu, na kila pigo lilisikika bustani nzima. Hakuna aliyetembea.

Kimya hakukaa.

"Mimi nilimwona paka," alisema. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini ilikuwa inatoka, na alivyoisikia ikitoka aliiacha iende. "Asubuhi ile, kabla hamjafika. Nikaingiza mkono, nikaungua. Nikanyamaza, mama yangu akachanganya. Nikanyamaza mkimwita mzembe, mkimwita muuza maji. Mchicha wetu ulirushiwa kuku mbele ya macho yangu, nikanyamaza. Hilo ni langu. Nitalibeba, sitaki mtu anisaidie."

Jiwe likagonga. Likagonga tena.

"Lakini kila mtu hapa alibeba ndoo tatu. Shangazi, wewe ulisema inawapasha moto kuliko waume zenu. Katibu, miwani yako iliingia ukungu kama leo, ukaifuta, ukaenda kuchukua ndoo ya pili. Wote mlicheka. Mlikuja Jumapili kumtazama amesimama pale na kopo, na viganja vyenu vilikuwa bado vinalikumbuka lile joto. Msiniambie yaishe. Nilijua. Na nyinyi mlijua."